Jiaozi Alizoziacha Lianhai

Nilikuwa nimejiapia kwamba nikimwona Lianhai sitamkazia macho. Nitamsalimia, nitamuuliza habari za safari, nitamwonyesha kwamba nimenawiri na maisha yananiendea vizuri, basi. Lakini alipotokea kwenye lango la stesheni ya Wuchang asubuhi ile, koti limekunjamana kwa usiku mzima wa kukalia kiti kigumu, nywele zimemsimama upande mmoja, macho yangu hayakunitii. Nilimtazama mpaka yeye ndiye aliyeinamisha uso.

"Qiu," akasema.

Hakuna mtu mwingine anayeniita hivyo. Kwa wengine wote mimi ni Wanqiu, mwalimu wa chekechea, binti wa Mama Peng wa Hankou, yule ambaye mpaka leo hajaolewa.

"Umekonda," nikamwambia.

"Wewe hujabadilika."

"Mwongo. Nina miaka thelathini na moja."

"Basi umebadilika. Zamani ungeanza kwa kunitukana."

"Twende ule kwanza. Sipendi kumtukana mtu mwenye njaa."

Akacheka. Lo, kicheko kile! Miaka mitano sijakisikia, nami nilishajidanganya kwamba nimekisahau.

Wiki moja kabla alikuwa ameniandikia kwa simu, maneno machache kama kawaida yake: anatoka Guangzhou anakotengeneza lifti, anakwenda kwao Baoding, treni ya kwanza inamshusha Wuchang asubuhi na ya pili inaondoka jioni, na kama nina nafasi tunywe hata maji. Zipo treni za kasi ambazo zingemfikisha kwao siku hiyohiyo. Lakini Lianhai ni mtu wa treni za polepole, zile za tiketi rahisi, ambamo watu humenya mbegu za alizeti na kusimuliana habari za wakwe zao. Nilimjibu "sawa." Kisha nikajilaumu siku tatu mfululizo kwa nini nimejibu.

Tulinunua tambi za ufuta kwa yule mama wa kona, kila mtu na bakuli lake la karatasi, tukaanza kula huku tunatembea, maana Wuhan, mji wetu unaounganisha Wuchang na Hankou ng'ambo ya mto, ukikaa mezani kula kifungua kinywa watu watakuuliza kama unaumwa. Ilikuwa likizo ya Oktoba na miti ya osmanthus ilikuwa imechanua. Harufu yake ilitufuata barabara nzima.

"Changanya haraka, zitagandana!" nikamwambia.

"Najua. Si wewe uliyenifundisha?"

"Siku ya kwanza ulikula na ufuta mpaka kwenye nyusi."

"Na wewe ukaniacha niingie darasani hivyohivyo."

"Nilitaka kuona utagundua lini."

"Sikugundua. Profesa ndiye aliyenipa kitambaa."

Nikacheka mpaka tambi zikanipalia. Akanipigapiga mgongoni, kisha akakumbuka kwamba mgongo huo si wake tena, akaurudisha mkono mfukoni.

"Mama yako hajambo huko Baoding?" nikauliza, kwa sababu lazima mtu aulize kitu.

"Hajambo. Ndiye aliyeniita." Akakoroga tambi zake ambazo hazikuhitaji tena kukorogwa. "Kuna binti mmoja, mhasibu wa hospitali. Kesho kutwa tunakwenda kwao, nionane naye."

"Unamjua?"

"Sijawahi kumwona. Mama anasema ametulia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nina miaka thelathini na tatu, Qiu. Nimechoka kula peke yangu. Nimemwambia mama, wazee wakielewana, na mimi nimekubali."

Nilitaka kusema hongera. Badala yake nikalitupa bakuli langu kwenye pipa likiwa bado na nusu ya tambi, kitu ambacho mama angekiona angenikemea wiki nzima.

"Basi leo ni siku yako ya mwisho ya ubachela," nikasema. "Tuitumie vizuri. Unataka kwenda wapi?"

"Kwenye kivuko."

Nilijua atasema hivyo.

Wanafunzi wengine wa chuo pale Wuchang wakiwa na mpenzi humpeleka sinema. Sisi mifuko yetu ilituruhusu kivuko tu, yuan moja na nusu kwa mtu, na kwa fedha hiyo tulipata mto mzima wa Yangtze. Wakati wa kiangazi, joto la bwenini lilipokuwa halilaliki, tulipanda jioni kwenda Hankou, tukashuka, tukapanga foleni tena na kurudi Wuchang, kisha tukaenda tena, ilimradi tu upepo utupige. Tulikaa sitaha ya juu, mbele kabisa, yeye ananisimulia theluji ya kwao na mimi namwambia anatia chumvi. Siku moja tuliona wazee wanaogelea katikati ya mto na maboya yao mekundu ya plastiki yakiwaelea nyuma. Lianhai akasema, "Nikizeeka nataka niwe kama wale, na wewe uwe ufukweni unanipigia kelele nitoke kwenye maji." Hivyo ndivyo alivyoniposa. Sikumjibu kwa neno. Nilimwambia tu kwamba sasa lazima akamwone mama.

Safari hii viti vya mbele vilikuwa na watalii wanaopiga picha. Tukasimama kwenye vyuma vya ukingoni. Maji yalikuwa ya kahawia vilevile, na mnara wa saa wa Hankou ulikuwa ng'ambo palepale tulipouacha.

"Pamepakwa rangi," akasema.

"Kivuko? Ndiyo. Ya zamani ilikuwa nzuri zaidi."

"Ya zamani ilikuwa kutu tupu."

"Nilikuwa naipenda kutu yake."

Akanigeukia. Macho yake yana tabia moja mbaya: yakikutazama hayana haraka. Nikahisi masikio yanapata moto, mtu mzima mimi, mwalimu wa watoto wa watu.

"Lianhai, nikuulize kitu?"

"Usiulize."

"Hujui ninachotaka kuuliza."

"Najua. Tusiiharibu siku, Qiu. Siku yenyewe moja."

"Kwa nini uliondoka?"

Honi ikalia, mabaharia wakaanza kurusha kamba. "Mama yako hakunitaka," akasema. "Nami nilimwelewa. Simlaumu."

"Alikuambia nini? Miaka mitano namuuliza, anasema hakukuambia neno!"

"Ni kweli. Hakuniambia neno."

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini watu walikuwa wakitusukuma tushuke.

Siku ile naikumbuka kama jana. Mama alikuwa amempinga Lianhai tangu mwanzo, bila hata kumwona, kwa sababu Baoding ni mbali na mimi ni mtoto wake wa pekee. Nililia, nikanuna, nikasusa chakula, mpaka akasema, "Haya, mlete." Lianhai akaja na matunda na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama akamwekea sahani ya jiaozi, zile za unga zenye nyama na kabichi ndani, akasema, "Kula." Akala tatu. Akaweka vijiti chini, akashukuru kwa adabu, akaaga. Usiku akaniandikia: "Nimemwelewa mama yako. Usigombane naye kwa ajili yangu." Nilimpigia hakupokea. Nilifikiri ameona vyumba vyetu viwili na choo cha kushirikiana na majirani, akatudharau, na sasa anamsingizia mama. Nami nina kiburi changu. Sikupiga tena.

"Nataka kuuona uchochoro wenu," Lianhai akasema tuliposhuka. "Kwa mbali tu. Nisimame mwanzoni, nitazame, tuondoke."

"Mama yupo nyumbani."

"Kwa mbali, nimesema."

Hakuna kitu kinachoitwa kwa mbali katika uchochoro wa Hankou. Nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, majiko yako mlangoni, na mtu akipiga chafya majirani saba wanamuombea afya. Tulipogeuka kona tu, meza ya majong ikawa mbele yetu, na mama akiwa ameketi akitutazama uso kwa uso, kipande cha mchezo kimesimama hewani mkononi mwake.

"Wanqiu, huyu ni nani?" Akaukunja uso. "Ngoja. Ngoja kwanza. Si yule wa jiaozi tatu?"

"Wa nini?" akauliza Bi Ke, jirani yetu, ambaye majong huicheza kwa sikio moja na la pili huliacha wazi kwa habari.

"Yule wa kaskazini! Aliyekula jiaozi zangu tatu akaweka vijiti chini kama nimemtilia dawa ya panya!"

"Shikamoo, Shangazi," Lianhai akasema, kama vijana wanavyowaita mama za wenzao kwa heshima, ameinama mpaka begi likamteleza begani.

"Shikamoo yako ikae hukohuko! Umerudi kufanya nini? Umekuja kumalizia?"

"Mama, watu wanasikia," nikasema.

"Wasikie! Miaka mitano nimeinyamazia." Akasimama, na mama akisimama uchochoro mzima hunyamaza. "Mimi ni mtu wa Hankou. Tangu nizaliwe sijawahi kukanda unga wa jiaozi. Nilikwenda kwa yule mama wa Shandong, mtu wa kaskazini, anayeuza mikate pale kona, nikamwomba anifundishe, akanicheka mbele ya wateja. Za kwanza zote zilipasuka majini, nikazimwaga nikaanza upya. Nikajiambia, kijana wa watu katoka mbali, huku kwetu ni wali na tambi tu, leo ale cha kwao. Leo ajisikie yuko nyumbani kwa mama yake. Mikono iliniuma siku mbili! Naye akala tatu!"

Nilimtazama Lianhai. Alikuwa amebadilika rangi.

"Shangazi," akasema polepole, "zile zilikuwa za kunikaribisha?"

"Sasa za nini? Za paka?"

"Kwetu..." Akaanza tena. "Kwetu mgeni akifika tunampikia tambi. Ni ndefu, zinamfunga miguu, abaki. Jiaozi tunampikia mtu siku anayoondoka. Kila nilipoondoka nyumbani, kwenda shule au kazini, mama alinipikia jiaozi. Mtu akikuwekea jiaozi, amekuaga."

Bi Ke alikuwa amefungua mdomo.

"Halafu Qiu alishaniambia," Lianhai akaendelea, sasa maneno yakimtoka kwa wingi ambao sijawahi kuusikia kwake. "Aliniambia, mama akikukubali utaikuta supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi mezani, ujue mambo yameiva. Niliitafuta ile supu. Niliangalia hadi jikoni. Haikuwepo. Ziko jiaozi tu. Nikajua umeuliza desturi za kwetu makusudi, ili unikatae bila kuniaibisha. Nikasema moyoni, mama huyu ana utu, amenifukuza kwa adabu, na mimi niondoke kwa adabu. Zile tatu nilizila kwa kulazimisha, Shangazi. Hazikupita kooni."

"Supu!" mama akafoka. "Supu nampikia kila mtu! Hata fundi wa gesi nimempa supu! Kwako nilitaka kufanya zaidi ya supu, mjinga wewe!"

Akaketi. Akakishika kile kipande cha majong, akakigeuza, akakiweka chini, akakiokota tena.

Mimi nilianza kucheka. Sijui kilitoka wapi kicheko kile, kilikuwa cha mtu aliyepigwa. Kikageuka hasira njiani.

"Mngenambia!" nikawapigia kelele wote wawili. "Mmoja wenu angefungua mdomo tu! Wewe unakula kimya, wewe unapika kimya, na mimi katikati naozea kwenye adabu zenu! Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mama. Nilikuchukia kwa ajili ya huyu, na huyu nikamchukia kwa ajili yako."

"Simu yako sikuipokea," Lianhai akasema. "Nilijua nikiisikia sauti yako nitarudi, na wewe utagombana na mama yako maisha yako yote."

"Ungerudi! Si ndicho nilichokuwa nakipigia?"

Alijifuta macho kwa mkono wa lile koti lililokunjamana. Bi Ke naye alikuwa anajifuta, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mama yangu ni mtu ambaye hajawahi kunitamkia kwamba ananipenda. Baba alipofariki aliniuliza kama nimekula. Nilipofaulu mtihani wa kuingia chuo aliniuliza kama nimekula. Nilipokuwa nalia usiku baada ya Lianhai kuondoka, aligonga mlango akaniuliza kama nimekula. Mapenzi yake yote hupitia jikoni, na sisi tulio wake tumezoea kuyapokea kwa bakuli. Kwa hiyo nilipomwona anasimama tena, nilidhani anakwenda kuwasha jiko.

Hakwenda. Alimsogelea Lianhai mpaka akalazimika kuinua kidevu ili amtazame.

"Leo sikupikii kitu," akasema. "Nasema kwa mdomo, na hawa wote ni mashahidi. Nilikupinga kwa sababu Baoding ni mbali na sina mtoto mwingine. Halafu nikamwona huyu anavyotabasamu akikutaja jina, nikashindwa. Nilikutaka uwe mkwe wangu siku ile. Nakutaka leo. Umesikia vizuri au nirudie kwa lugha ya kwenu?"

"Nimesikia, Mama," Lianhai akasema.

Hakumwita Shangazi. Mama akageuza uso upande haraka, akajifanya anazitazama nguo zilizoanikwa.

Lianhai akanigeukia mimi, na yale macho yake yasiyo na haraka.

"Qiu?"

Jamani, mwanamke anapaswa kujivunga kidogo. Nilikuwa nimeyapanga mambo mengi ya kusema, yote ya maringo. Nikayatafuta sikuyaona.

"Nilikupenda wakati ule," nikasema. "Nimekupenda miaka yote mitano, kwa hasira. Asubuhi nimekuja stesheni ili nikuonyeshe kwamba sikupendi. Basi. Sina la kuongeza."

Akatoa simu mfukoni palepale. Nikasikia sauti ya mama yake kutoka Baoding, sauti nene ya kaskazini, inauliza kama amekwishapanda treni.

"Bado, Mama. Mama, kule kwa yule binti sitakwenda. Waombe radhi kwa niaba yangu, na mimi mwenyewe nikifika nitawapigia magoti."

Simu ikapiga kelele. Akaisogeza mbali na sikio. Tulisikia wote: mwanamke ameshasuka nywele, shangazi zake wameshaalikwa, na yeye kama mama ataiweka wapi sura yake.

"Ni Qiu, Mama," Lianhai akasema.

Kelele zikakatika.

"Yule wa Wuhan?" sauti ikauliza, sasa ndogo. "Yule uliyerudi nyumbani kutoka kwake ukalala siku tatu ukitazama ukuta?"

"Huyohuyo."

"Kwa hiyo huji nyumbani?"

"Nakuja, Mama. Lakini siji peke yangu."

Mimi nilimtazama mama, mama akanitazama mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi, kama nina tiketi, kama nipo tayari kusimama usiku kucha kwenye behewa la watu wanaomenya alizeti. Nikasubiri mama akasirike. Aliuma mdomo wa chini, akauachia.

"Unasimama hapo unatazama nini?" akasema. "Kule kuna baridi. Nenda kachukue koti langu zito, lile la kijani. Na urudi. Huyo nimempa mkono wako, sijampa mtoto wangu."

Nikaingia chumbani. Koti nilikuta limekunjwa chini kabisa ya sanduku, na kulitoa ilibidi nipige magoti. Nikiwa pale chini ndipo nilipolia. Nilidhani ni furaha, lakini haikuwa furaha peke yake. Nililia kwa sababu katika chekechea ninayofundisha wapo watoto wa miaka minne, kila asubuhi nawavua viatu na kuwafunga vishikizo, na mmoja kati yao angeweza kuwa wetu. Miaka hiyo hakuna wa kuturudishia, si mama, si Baoding, si treni yoyote.

"Qiu!" Lianhai akaita kutoka nje. "Foleni ya tiketi ni ndefu leo. Unakuja?"

Nikafuta uso kwa ule mkono wa koti la mama.

"Nakuja," nikasema, na nikanyanyuka.